Kofia ya Jino ya Rezini: Unachofaa Kujua

Jino lililooza au kuvunjika sana huweza kufunikwa kwa kofia ili liendelee kutafuna. Kofia ya rezini, aina ya plastiki ngumu, kwa kawaida ni nafuu, lakini huchakaa na kuvunjika upesi kuliko ya chuma. Mara nyingi huwekwa kwa muda tu, muulize daktari.

Ukingo wake ukiacha mwanya karibu na ufizi, bakteria hupenya na jino huoza chini ya kofia bila kuonekana. Chakula kikikwama hapo kila mara, au ukihisi maumivu unapouma, rudi kwa daktari wa meno.

Usilitumie jino hilo kuvunja mifupa wala kufungua chupa. Kofia ikitoka, usiibandike kwa gundi ya dukani; ihifadhi na uende nayo kliniki mapema.