Fahamu: Jinsi ya kumsaidia jamaa aliyefungwa Kenya kuomba apunguziwe kifungo

Muda wa rumande unahesabiwa? Ndiyo. Kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinaitaka mahakama izingatie muda huo. Ikiwa haikufanya hivyo, mfungwa anaweza kuiomba Mahakama Kuu irekebishe adhabu.

Aliyehukumiwa kifo kwa mauaji? Uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu mwaka 2017 ulifungua njia ya kuomba adhabu mpya. Ufafanuzi wa 2021 ulisema uamuzi huo hauhusu makosa mengine.

Familia ifanye nini? Tafuteni nakala ya hukumu, tarehe ya kukamatwa na vyeti ambavyo mfungwa alipata gerezani. Afisa wa probesheni akifika nyumbani kuandaa ripoti ya mahakama, mwelezeni kwa ukweli mfungwa ataishi wapi na atafanya kazi gani. Mfungwa mwenye watu wa kumpokea ana hoja nzito zaidi.