Panya wa Maabara na Fumbo la Mapacha wa Malawi

Mtoto akivimba miguu, nywele zikamgeuka rangi ya kutu, akawa hachezi wala hacheki, mitaa yetu ya Pwani haikosi neno. Amebemendwa, watu husema. Ndugu zetu Wamijikenda huita chirwa. Majina ni mawili, shutuma ni moja: wazazi hawakujihifadhi, au mama ameshika mimba nyingine ilhali huyu hajaacha ziwa. Mama akishalisikia hilo huona haya kumtoa mwanawe nje, na siku anazomficha ndani ndizo siku ambazo mtoto alihitaji kuwa hospitalini.

Maradhi yenyewe ni unyafuzi, ambao wengi tumezoea kuuita kwashakoo. Hata jina hili halikuepukana na kisa kile kile. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliyaeleza maradhi haya kwa madaktari wenzake katika miaka ya 1930, akatumia jina walilolitumia Waga wa huko: ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa ziwani mdogo wake anapozaliwa. Baadaye madaktari wengi wakashika kwamba sababu ni upungufu wa protini. Jibu hilo lilikubalika miaka mingi, lakini mama yeyote wa mapacha angeweza kulitilia shaka. Watoto wawili wamenyonya ziwa moja na kula sahani moja. Mbona mmoja amevimba na mwenziwe anakimbia uani?

Swali hilo ndilo lililowapeleka watafiti katika vijiji vya Malawi. Walifuatilia jozi 317 za mapacha katika miaka mitatu ya mwanzo ya maisha yao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Nusu ya jozi hizo zilikaa salama. Jozi 7 katika kila 100, watoto wote wawili walipatwa na utapiamlo mkali. Lakini katika jozi 43 kwa kila 100, mmoja aliugua na mwenziwe akasalimika. Tusiipite hesabu hii upesi. Jungu lilikuwa moja, mama alikuwa mmoja. Kama kosa lingekuwa ni la wazazi peke yake, au la chakula peke yake, tungetarajia pacha waugue pamoja mara nyingi zaidi kuliko hivyo.

Hapo ndipo panya wanapoingia. Matumbo yetu yamejaa bakteria wasiohesabika, wanaosaidia kusaga chakula na hata kututengenezea baadhi ya vitamini. Kwa binadamu ni vigumu mno kujua lipi limeletwa na bakteria na lipi limeletwa na chakula, maradhi au umaskini. Katika maabara ya Profesa Jeffrey Gordon huko St. Louis, Marekani, wanafugwa panya ambao matumbo yao hayana bakteria hata mmoja. Huishi ndani ya vizimba vya plastiki vilivyozibwa, hewa yao huchujwa, chakula na maji yao huuliwa vijidudu kwanza, na mtumishi huwagusa kwa glavu zilizoshikamana na ukuta wa kizimba. Ni maisha ya ajabu, na mwili wao huonyesha: panya wa namna hii huhitaji kuongezewa vitamini K, kwa kuwa hawana bakteria wa kuwatengenezea.

Kilichofuata, tunawaomba radhi wanaosoma wakiwa mezani. Watafiti walichukua kinyesi cha pacha mgonjwa na cha pacha mzima, wakawapandikiza panya hawa, kila kundi na chake. Kisha wakawalisha chakula cha mfano wa kile cha Malawi, ambacho wingi wake ni unga wa mahindi. Panya waliobeba bakteria wa mtoto mwenye unyafuzi walikonda vibaya. Wenzao waliobeba bakteria wa pacha mzima, wakila chakula kile kile, hawakukonda hivyo. Madhara yalitokana na mawili kukutana: bakteria wale pamoja na chakula kile duni.

Baadaye panya walipewa ule mchanganyiko mzito wa karanga, maziwa ya unga, sukari na mafuta ambao akina mama huupokea kwa pakiti kliniki. Waliongezeka uzito, na bakteria wao wakabadilika. Waliporudishwa kwenye chakula cha awali, mengi ya mabadiliko hayo yakarudi nyuma. Huenda hili likamfariji mama ambaye mwanawe alipona kwa pakiti kisha akadhoofika tena, akaambiwa amezembea.

Panya si mtoto, na hatusemi kwamba chakula hakina neno. Bila chakula bora hakuna pona. Ila utafiti huu umezaa matunda. Huko Dhaka, Bangladesh, vyakula vilijaribiwa kwanza kwa panya na vitoto vya nguruwe waliopandikizwa bakteria wa watoto. Mwaka 2021 ikatangazwa kwamba watoto wa mtaa wa Mirpur wenye utapiamlo wa wastani, waliopewa mchanganyiko wa dengu, soya, karanga na ndizi mbichi, waliongezeka uzito haraka kuliko waliopewa chakula cha kawaida cha tiba, ingawa hicho cha pili kilikuwa na nguvu zaidi. Vitu vyote hivyo vinne vinauzwa katika masoko yetu.

Kwa sasa, mzazi mwenye wasiwasi ana kipimo mkononi mwake. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili za mtoto, uhesabu polepole hadi tatu, kisha uachie. Shimo likibaki pande zote mbili, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na anayetaka kuuliza habari za kubemenda aulize mtoto akishapona.