NGAZI YA PROFESA FISHMAN

Wengi wetu twadhani kwamba lugha hufa siku anapozikwa mzee wa mwisho aijuaye. Profesa mmoja wa Marekani alionyesha kwamba kifo hicho huanza mapema zaidi, siku ile wazazi wanapoacha kusema na watoto wao kwa lugha hiyo. Nataka kuwaeleza habari zake, maana mafundisho yake yamenigusa mimi mwenyewe.

Joshua Fishman alizaliwa Philadelphia tarehe 18 Julai, 1926. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia huko kutoka Ulaya ya Mashariki, na nyumbani mwao walisema Kiyidi. Asili ya lugha hiyo ni Kijerumani cha zamani kilichochanganyika na Kiebrania na lugha za Kislavi, nayo huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Nje ya mlango wao mambo yote yalikwenda kwa Kiingereza, na watoto wengi wa wahamiaji wakaziacha lugha za wazazi wao. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa Ulaya, na wengi wao walikuwa wasemaji wa Kiyidi. Basi kwa kijana huyu habari ya lugha kutoweka haikuwa ya vitabuni tu.

Mwaka 1953 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, na tangu 1960 alikuwa katika Chuo Kikuu cha Yeshiva, New York. Wataalamu wengi wa lugha siku zile walishughulika na sauti na sarufi. Yeye aliwatazama wasemaji wenyewe. Katika makala yake ya mwaka 1965 aliuliza: nani husema lugha gani, na nani, na wakati gani? Mwaka uliofuata alitoa kitabu kikubwa juu ya lugha za wahamiaji wa Marekani, akichunguza magazeti yao, redio zao na shule zao.

Mwaka 1991 alitoa kitabu juu ya namna ya kuzirudisha lugha zinazokimbiwa, na ndani yake mna ngazi ya vidato 8. Sisi wanafunzi tumezoea kupanda kutoka Kidato cha I hata cha IV, lakini katika ngazi hii kidato cha chini kabisa ni cha 8 na kileleni ni cha 1. Katika cha 8 wamebaki wazee wachache waliotawanyika, na kazi iliyopo ni kukusanya wanayoyakumbuka. Katika cha 7 wako watu wazima wanaoisema lugha na kuiimba, lakini umri wa kuzaa umewapita. Katika cha 6 lugha husemwa nyumbani na kwa majirani, na watoto huipokea. Katika cha 5 watu huisoma na kuiandika wao kwa wao. Katika cha 4 imeingia katika shule za watoto. Katika cha 3, kazini. Katika cha 2, redioni na katika serikali za mitaa. Na katika cha 1, vyuo vikuu na serikali kuu.

Fishman alisema kwamba kidato kikubwa kuliko vyote ni cha 6. Mfano wake ni Ireland. Katiba yao ya mwaka 1937 inaitaja lugha ya Kiayalandi kuwa lugha rasmi ya kwanza, na watoto hufundishwa shuleni. Hata hivyo nyumba nyingi ziliendelea kusema Kiingereza. Wamaori wa New Zealand walianza upande wa pili. Tangu mwaka 1982 walifungua vituo ambamo wazee huwalea watoto wadogo kwa Kimaori, ili lugha iruke kutoka kwa bibi hata kwa mjukuu.

Yafaa tusimwelewe vibaya. Fishman hakuwataka watu waache lugha kubwa inayowaunganisha. Alitetea elimu ya lugha mbili, akiamini kwamba mtu aweza kuwa na lugha ya taifa na ya nyumbani pamoja. Alifariki New York tarehe 1 Machi, 2015, akiwa na umri wa miaka 88.

Sasa, sina budi kukiri. Bibi yangu husema Kibondei. Mama humjibu nusu Kibondei, nusu Kiswahili. Mimi humjibu kwa Kiswahili, na mdogo wangu haelewi hata anapotumwa maji. Likizo iliyopita nilianza kuandika maneno ya bibi katika daftari, nikajiona nimefanya jambo kubwa. Nilipoisoma ngazi hii niliona kwamba daftari langu ni kazi ya kidato cha 8, na nyumbani kwetu bado tumesimama katika cha 7. Bibi yu hai, na mdogo wangu ana miaka minne.

Basi nimeazimia kwamba likizo ijayo nitamwomba bibi asimsemeshe mtoto yule Kiswahili kabisa, nami nitamjibu bibi kwa Kibondei, ijapokuwa nitakosea na kuchekwa. Na wewe msomaji, kwenu mmesimama kidato gani?