Mkopo nafuu wa mfanyakazi wa benki, na bei yake

Kijana akipata ajira katika benki kubwa hapa Tanzania, ukoo mzima hupumua. Mshahara utaingia kwa tarehe. Bima ya afya itamgusa yeye, mwenzi wake na watoto. Mchango wa NSSF, ambao kisheria ni asilimia 20 ya mshahara na kwa kawaida mwajiri na mfanyakazi huuchangia nusu kwa nusu, utapelekwa bila mtu kukimbizana na bosi. Katika nchi ambayo wengi hujitafutia riziki bila mkataba wala pensheni, hayo ni mambo mazito, na anayeyabeza hajawahi kuumwa akiwa hana bima.

Lakini ukikaa na watu wa benki wakazungumza kwa uhuru, kinachotajwa kwanza ni mkopo wa mfanyakazi. Ukishathibitishwa kazini unaruhusiwa kukopa kwa riba iliyo chini sana ya ile anayotozwa mteja wa kaunta, na marejesho hukatwa kwenye mshahara kabla hujaugusa. Ndiyo maana utamkuta ofisa wa miaka thelathini na kitu ana nyumba Goba au Kibaha, wakati mwalimu aliyesoma naye bado ananunua tofali kidogo kidogo. Hiyo ni faida ya kweli, tena inabadilisha maisha ya familia nzima.

Tatizo ni kwamba riba hiyo hufuata ajira. Mikataba mingi husema wazi kwamba ukiondoka, kwa hiari au kwa kupunguzwa, deni lilipwe kutoka kwenye mafao yako au lihamie riba ya kawaida ya soko. Hebu tupige hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayepunguzwa alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, na hesabu hiyo inaishia miaka 10. Kwa kiwango hicho cha chini, aliyetumika miaka 10 anapata mshahara wa siku 70. Nyumba yake inadaiwa miaka mingine 12.

Mtu mwenye deni la namna hiyo hawezi kubishana na meneja. Akipangiwa lengo lisilotekelezeka, analipokea. Akipata wazo la biashara, analiweka kabatini. Nimewasikiliza wengi wa aina hii, watu hodari kabisa, na kilichonisikitisha zaidi kuliko uchovu wao ni woga.

Malengo yenyewe yana mkanganyiko wake. Ofisa mikopo anatakiwa atoe mikopo mingi kila mwezi, na wakati huohuo kitabu chake kisichafuke, maana Benki Kuu inataka mikopo chechefu isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyechukua pesa kwa furaha mwezi Machi anaacha kupokea simu mwezi Septemba. Anayemfuata dukani Jumamosi ni yule yule aliyemshawishi akope.

Kwa keshia, presha ni ya aina nyingine. Milango ikishafungwa, kazi yake bado. Noti zinapita kwenye mashine, zinafungwa mafungu, kisha jumla yake inalinganishwa na ile iliyo kwenye mfumo. Zikilingana, zinaingia chumba cha hazina, ambacho kwa utaratibu hakifunguliwi na mtu mmoja: funguo zimegawanywa kwa watu wawili. Zisipolingana, hakuna anayetoka. Vocha zinapekuliwa moja moja, mteja aliyezidishiwa anatafutwa kwa simu, na shoti isipopatikana, mara nyingi keshia ndiye anayeilipa. Wenzake wanamsubiri wakiwa wameshika mikoba, basi la mwisho la afadhali limeshapita.

Nidhamu hiyo, hata hivyo, ni shule. Aliyepita benki kubwa anajua kuandika kila senti, anajua kwa nini anayeidhinisha malipo asiwe ndiye anayelipa, na anajua kwa nini analazimishwa kwenda likizo mfululizo: mwizi wa ndani huhitaji kuwepo kila siku ili kufunika nyayo zake. Waliotoka na elimu hiyo wameendesha kampuni zao vizuri.

Ukubwa pia ni kinga. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa mtaji usiotosha, na zote zilikuwa ndogo. Ila kinga hiyo ina mipaka. NBC, iliyoundwa baada ya serikali kutaifisha benki mwaka 1967, ilikuwa kubwa kuliko zote. Ilipofika 1997 ikagawanywa, na katika marekebisho ya miaka hiyo matawi yalifungwa na watu wakapunguzwa. Kenya ilipoweka ukomo wa riba mwaka 2016, benki kadhaa zilipunguza wafanyakazi. Leo foleni ya kaunta imehamia kwa wakala wa mtaani na kwenye simu, na meza za makeshia zinapungua bila tangazo lolote.

Kwa hiyo naona dai moja lingestahili kupewa nafasi ya kwanza na vyama vya wafanyakazi vyenye wanachama benki, kama TUICO na FIBUCA, kila vinapokaa mezani kujadili mkataba wa hali bora: mfanyakazi anayepunguzwa bila kosa lake abaki na riba ya mfanyakazi kwa mkopo wake wa nyumba hadi aumalize, au angalau kwa miaka mitatu ya kujipanga upya. Benki haitapoteza mtaji wake, maana nyumba imewekwa rehani. Na anayeanza kazi mwezi huu aombe kifungu hicho akisome kwa maandishi kabla ya kusaini fomu ya mkopo, si siku anayoitwa ofisi ya rasilimali watu.