Pesa ya oda ikae dola au shilingi? Na hii lira ya "riba 50" mnayoambiwa

Swali linaloingia sana inboksi siku hizi si la picha wala la matangazo ya kulipia. Ni hili: "Nimeshakusanya hela za wateja wa oda, mzigo nalipia baada ya mwezi au miwili. Nigeuze dola sasa hivi au niache shilingi?" Halafu kuna wanaoongeza la pili. Kuna mtu kwenye grupu la WhatsApp anawaambia wanunue lira ya Uturuki kwenye programu ya foreksi, eti riba yake 50 kwa mwaka, hela inazaa ukiwa umelala.

Mimi niko huku Makurunge, nauza mashuka na vyombo vya jikoni. Mzigo wangu unatoka Guangzhou, mara mojamoja Istanbul. Hesabu hii naifanya kila ninapofunga oda, kwa hiyo tuifungue pamoja.

Kwanza tujiulize kwa nini fedha ya nchi fulani inalipa riba kubwa. Ni kwa sababu mwenye hela anaogopa kwamba hiyo fedha itashuka thamani mkononi mwake, basi analipwa zaidi ili akubali kukaa nayo. Wenye mitaji mikubwa duniani wamegeuza hiyo kuwa biashara: wanakopa kwenye nchi ya riba ndogo kama Japani, wanapeleka hela kwenye nchi ya riba kubwa. Faida yao ni tofauti ya riba, ukitoa kiasi ambacho ile fedha imeshuka. Ikishuka kidogo, wanakula. Ikishuka sana, wanalia. Na ikipanda, wanakula mara mbili.

Hiyo ya mara mbili ilitokea hapo jirani, Kenya. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilivuka shilingi 160 za Kenya. Serikali yao ilikuwa na deni la dola bilioni 2 la kulipa Juni mwaka huo, watu wakaamini hela haipo, na mwenye dola akazikalia. Tarehe 6 Februari Benki Kuu ya Kenya ikapandisha riba yake hadi asilimia 13. Mwezi huohuo serikali ikatoa hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi. Walitaka shilingi bilioni 70, wakaletewa maombi ya zaidi ya bilioni 280. Wageni waliingiza dola zao kwa wingi, na kabla ya hapo serikali ilishapata mkopo mpya wa kununua sehemu ya lile deni. Kufika mwisho wa Machi dola ilikuwa kwenye 131 hivi. Sasa mfikirie mfanyabiashara wa Mombasa aliyenunua dola kwa 160 "asije akaumia". Aliumia kwa asilimia 18 ndani ya miezi miwili, na hakuna aliyemwibia.

Kwetu ilitokea kwa ukubwa mdogo. Septemba 2024 dola ilikuwa inacheza kwenye 2,700. Mwisho wa Desemba ilikuwa chini ya 2,450. Aprili 2025 ikarudi tena karibu na 2,700. Sehemu ya hiyo panda shuka ni msimu: nusu ya pili ya mwaka watalii wanakuja, korosho na tumbaku vinauzwa nje, dola zinaingia. Kuanzia Januari hadi Mei zinakauka. Si sheria ya kuapia, lakini anayelipia mzigo Machi yuko kwenye hali tofauti na anayelipia Novemba, na bei zenu zilitakiwa zilijue hilo.

Sasa hesabu. Tuseme umekusanya milioni 5, utalipa baada ya miezi miwili, na dola leo ni 2,600. Ukigeuza leo unapata dola 1,923. Ukiacha shilingi sehemu inayolipa asilimia 12 kwa mwaka, miezi miwili inakupa asilimia 2, yaani laki moja. Una 5,100,000. Swali linakuwa moja tu: dola itavuka 2,652 au haitavuka? Hiyo 2,652 ni 2,600 ukiongeza asilimia 2. Isipofika hapo, shilingi imekulipa. Ikipita, ulitakiwa kununua dola mapema. Hapo kumbuka pia duka la kubadilishia fedha linanunua kwa bei moja na kuuza kwa nyingine, kwa hiyo kugeuza na kurudisha kunakula makumi ya shilingi kwa kila dola.

Sehemu ya kuweka kwa muda mfupi ipo. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kwa mfano, miaka hii umekuwa ukilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka na hela unaitoa ndani ya siku chache za kazi. Hatifungani za serikali za miaka 20 na 25 zimekuwa zikilipa zaidi, ila hizo si za hela ya oda. Hela ya mteja haikai mahali ambapo huwezi kuitoa wiki ijayo.

Ninavyofanya mimi: mzigo ambao bei yake imeshafungwa na muuzaji wa China, nusu ya hela nailipia siku ileile ninayofunga oda, nusu inasubiri kwenye shilingi. Faida yangu sigeuzi dola kabisa, kwa sababu luku, nauli na chakula nalipa kwa shilingi. Na wengi wetu hatugusi dola, tunampa ajenti wa Kariakoo shilingi, yeye analipa yuan. Basi muulize ajenti anakupa yuan kwa shilingi ngapi na bei hiyo inadumu siku ngapi, kabla hujaulizia gharama ya kilo. Kuna watu wanabishana wiki nzima kuhusu kilo halafu wanapigwa kwenye kubadilisha.

Tuje kwenye lira. Riba 50 iliwahi kuwa kweli: Benki Kuu ya Uturuki ilifika hapo Machi 2024. Lakini angalia miaka miwili tofauti. Mtu aliyeingia mwanzoni mwa 2021 na dola 1,000 alipata lira kama 7,400. Kwa riba ya 17, mwisho wa mwaka ana 8,658. Dola ilikuwa imefika lira 13.3, kwa hiyo mkononi ana dola 651. Riba alilipwa yote, na bado theluthi ya mtaji imekwenda. Aliyeingia mwanzoni mwa 2024 kwa 29.5, akalipwa tuseme 45, alitoka na dola 1,200 na kitu, maana mwisho wa mwaka dola ilikuwa 35.3 tu. Fedha ni ileile, matokeo mbalimbali.

Na huyo wa pili alikuwa na akaunti ya benki. Nyinyi mnaambiwa mtumie programu inayowakopesha mara 100. Unaweka dola 200, unashika lira za dola 20,000. Lira ikishuka asilimia 1, dola zako 200 zimeisha, programu inakufungia. Tarehe 19 Machi 2025, siku aliyokamatwa meya wa Istanbul, Ekrem İmamoğlu, lira ilitoka chini kidogo ya 37 ikagusa 42 kwa saa chache, kisha ikarudi karibu 38. Mwenye akaunti ya benki angeamka, akaguna, akaendelea kusubiri. Aliyekopeshwa hata mara 10 tu alikuwa ameshafutwa kabla haijarudi. Riba yenyewe mle ndani inapangwa na mwenye programu baada ya kukata chake.

Wengine wananiuliza, je, nikikopa hapa nikaweke huko? Wale wakubwa wanakopa kwa riba ndogo. Mikopo yetu ya simu inahesabiwa kwa mwezi, wakati mwingine kwa wiki. Hapo hakuna hesabu ya kufanya.

La mwisho, linahusu bei mnazopandisha kwenye statasi. Tangu Machi 28, 2025 kanuni zinakataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni kwa biashara ya ndani ya nchi. Andika shilingi, na chini yake weka tarehe: "Bei hii hadi Ijumaa saa 12 jioni." Dola ikiruka Jumamosi unaandika bei mpya, na mteja wa Jumatano unamheshimu kwa ile ya zamani.