Kinachoibeba Shafti ya Turbo

Msomaji wetu mmoja wa Iringa ana lori dogo la dizeli. Hushusha nyanya Dar es Salaam, hupanda na saruji. Ameniandikia kwa uchungu: turbo ya gari lake ilikufa, akajikamua akanunua nyingine, fundi akaifunga siku hiyohiyo, na wiki tatu baadaye ile mpya nayo ikaanza kulia kama filimbi, ikatoa moshi wa bluu, ikafa. Anauliza: je, niliuziwa feki?

Turbo feki zipo. Lakini barua yake ina mambo mawili aliyoyataja kwa kupita tu, nami ndiyo niliyoyasoma mara tatu. La kwanza, fundi alibadilisha turbo peke yake. Bomba la oili lilirudishwa lilelile la zamani. La pili, kila akishapandisha mlima Kitonga na mzigo huegesha Ilula apate chakula, na injini huizima palepale. Kwa maelezo hayo naamini turbo zote mbili ziliuawa na jambo moja: zilinyimwa oili.

Namna moshi wa ekzosi unavyozungusha feni moja, na feni hiyo ikazungusha mwenzake anayeisukumia injini hewa, imeelezwa mara nyingi. Mswisi Alfred Büchi alisajili hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Mimi nataka tutazame sehemu ya katikati ambayo wachoraji huipitia haraka: shafti inayounganisha feni hizo mbili, nyembamba kama penseli, pamoja na kile kinachoibeba.

Katika turbo ya gari dogo, shafti hii huweza kuzunguka mara 200,000 kwa dakika. Gawanya kwa 60: ni zaidi ya mara 3,300 kila sekunde. Ukitamka neno “turbo”, imeshazunguka mara elfu moja na ushei. Kama unene wake ni milimita 7, uso wake unakwenda mita 73 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 260 kwa saa. Chuma kikisuguana na chuma kwa mwendo huo, kazi imekwisha kabla hujavuta pumzi.

Shafti haisuguani na kitu. Imepita ndani ya bushi, na kati yake na bushi kuna utando wa oili. Utando huo hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita, na unene wake ni kuanzia mikroni chache hadi makumi machache. Unywele wa kichwani una kama 70. Basi shafti inakimbia huku ikiwa imeelea juu ya kitu chembamba kuliko unywele, wala haizami. Kwa nini haizami?

Ukiuliza gereji, jibu utakalopewa ni kwamba presha ya pampu ya oili ndiyo inayoinyanyua. Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi. Kumbe sivyo, na aliyegundua kwamba sivyo aliongozwa na kizibo cha mti.

Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akipima msuguano wa bushi zinazofanana na zile za ekseli za mabehewa ya treni. Bushi yake ilikaa juu ya shafti iliyozunguka ndani ya oili. Akatoboa tundu juu ya bushi ili aweke kifaa cha kutilia oili. Mashine ilipowashwa tena, badala ya oili kuingia kwa tundu lile, ikatoka na kumwagika. Akaliziba, kizibo kikasukumwa nje. Akapigilia kizibo cha mti. Nacho kikapanda taratibu mpaka kikatoka. Hapakuwa na pampu yoyote. Tower alipofunga kipimo cha presha, mshale ukapita mwisho wa kipimo, pauni 200 kwa inchi ya mraba, ilhali mzigo wote ukigawanywa juu ya bushi ulikuwa kama pauni 100 tu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1886, Osborne Reynolds akatoa hesabu ya jambo hilo, na hesabu hiyo ndiyo wahandisi wanayoitumia hadi leo.

Hesabu yenyewe ni ngumu, lakini aliyewahi kuvuka kwenda Kigamboni jioni ameshaihisi mwilini. Umesimama Magogoni na mamia ya watu mkisubiri pantoni. Geti linafunguliwa. Mlipo ni papana, mnapokwenda ni pembamba. Walio nyuma wanaendelea kuja, walio mbele hawana pa kupanuka, na katikati unabanwa hadi unahisi miguu imeacha sakafu. Hakuna aliyekusudia kukunyanyua. Umenyanyuliwa kwa sababu wengi wanaingia katika nafasi inayopungua.

Sasa tuseme ukuta mmoja wa njia hiyo unatembea kuelekea getini. Walio karibu nao wameushika, kwa hiyo wanakwenda nao. Hao wamewashika mikono walio pembeni yao, nao wamewashika wengine, hata umati wote unakokotwa kuingia kwenye wembamba, utake usitake. Ukuta huo ndio shafti. Umati ndio oili. Kule kushikana mikono ndiko wanafizikia wanakokuita mnato.

Na wembamba unatoka wapi, ikiwa shafti ni duara na bushi ni duara? Unatoka kwenye mzigo. Shafti haikai katikati kabisa. Huelemea upande mmoja, na nafasi inayobaki kuizunguka hupata umbo la mwezi mwandamo, nene huku, nyembamba kule. Oili hukokotwa kutoka tumboni mwa mwezi kuelekea kwenye pembe yake, hubanwa, presha hupanda, na presha hiyo huisukuma shafti irudi. Hapa ndipo ninaposhangaa kila mara: shafti ikizidi kuelemewa, pembe huzidi kuwa nyembamba, umati huzidi kubanana, na msukumo wa kuirudisha huzidi kuwa mkubwa. Hakuna mlinzi wala kompyuta. Mzigo wenyewe unazaa nguvu ya kuubeba. Shafti hujibeba, na kinachotakiwa kwa pampu ni kuleta oili bila kukatiza.

Jina la jambo hili limenisumbua wiki nzima. Maofisini oili huitwa kilainishi. Neno limeundwa vizuri, lakini hapa halisemi kweli yote: kulainisha ni kukifanya kitu kiwe laini, kama unavyoipaka ngozi mafuta ya nazi. Oili ya turbo inabeba. “Mafuta” nalo halifai, maana ukimwambia dereva turbo imekosa mafuta atakwenda sheli. Nimeamua kuliita umbo hilo la oili kabari. Mpasua kuni hupigilia kabari kwenye ufa wa gogo, ikiingia penye wembamba na kuvitenga vipande viwili vilivyokuwa vimeshikana. Oili hufanya vivyo hivyo kati ya shafti na bushi: hukokotwa ikaingia penye wembamba, ikavitenga. Kabari ya oili. Naomba tu herufi r itamkwe vizuri, isije ikasikika kabali, ile ya vibaka. Kabali hubana, kabari hutenganisha. Ni maneno yenye kazi zinazopingana.

Waliobuni turbo hawakuridhika na kabari moja. Katika turbo nyingi bushi yenyewe haikufungwa popote; inaelea. Ina oili ndani, ina oili nje, na ina vitundu vya kupitishia oili kati ya pande hizo mbili. Shafti ikizunguka, bushi nayo hukokotwa na kuzunguka, kwa kasi ya kama robo ya shafti. Inafanya kama konda anayeshuka daladala ikiwa bado inatembea: hukimbia hatua kadhaa, asiwe na kasi ya gari wala asisimame ghafla, na tofauti kubwa hugawanywa mara mbili. Utando wa nje pia hupokea mitikisiko ya shafti kama godoro. Kwa kuwa kuna bushi upande wa kila feni, turbo moja ina kabari nne, na zote hulishwa kwa bomba moja lenye tundu la milimita chache.

Rudi sasa Magogoni uone namna turbo inavyokufa. Umati ukipungua, hakuna wa kumnyanyua mtu: hilo ni bomba lililoziba. Watu wakiachana mikono, ukuta unapita peke yake: hiyo ni oili iliyopoteza mnato, kwa uzee au kwa kuingiliwa na dizeli. Ukuta ukisimama, msukumo wote unaisha: hilo ni gari lililozimwa, shafti imeketi juu ya bushi, chuma juu ya chuma. Ndiyo maana asubuhi ukiwasha, usikanyage mafuta papo hapo. Iache injini iungurume kama dakika moja, oili ipande kutoka kwenye beseni lake chini ya injini hadi kwenye turbo.

Kuna na moto. Dizeli ikivuta mzigo mlimani, moshi wa ekzosi unaofika kwenye feni huweza kuzidi nyuzi 700 za Selsiasi, na feni hiyo iko sentimita chache tu kutoka kwenye bushi. Gari likiwa linatembea, oili huubeba pia huo moto na kwenda nao. Injini ikizimwa ghafla, pampu inasimama, moto wa feni unahamia katikati, na oili iliyobaki imesimama inakaangika. Inakuwa ukoko. Sijui neno jingine lolote linaloisema vizuri hivyo: ni ukoko uleule wa sufuria ya wali, mweusi na mgumu, umeng'ang'ania chuma. Leo kidogo, kesho kidogo, hadi tundu la milimita chache linabaki la sindano. Ukifunga turbo mpya kwenye bomba hilo, umeifunga kwenye njaa.

Kwa hiyo, kabla hujanunua turbo ya tatu, mwambie fundi aanzie kwenye njia. Bomba la kuleta oili liwe jipya, kulisafisha hakutoshi. Afungue beseni la oili na kuangalia chujio la pampu, kwa sababu katika dizeli za siku hizi washa za nozeli zikivuja, moshi huingia kwenye oili, masizi huganda kwenye chujio hilo, na turbo ndiyo huumia mapema. Oili na filta vibadilishwe siku hiyohiyo, kwa daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwenye maungio ya bomba la oili asipake silikoni, maana kipande kimoja kikimeguka kinatosha kuziba. Aweke gasketi yake. Na kabla ya kuwasha, amimine oili safi kwenye tundu la turbo na kuizungusha shafti kwa vidole, ili kabari ya kwanza ipate cha kuitengeneza.

Atazame pia bomba la kurudi. Ni pana kuliko la kuleta kwa sababu oili hutoka kwenye turbo ikiwa povu, na hushuka kwa uzito wake tu. Likikunjwa au likiziba, au matundu ya kupumulia injini yakiziba, oili hujaa na kuvuja kwa kupita kwenye pete nyembamba za chuma za shafti, maana humo hamna sili ya mpira. Moshi wa bluu utatoka hata turbo ikiwa nzima, na wengi wametupa turbo nzima kwa kosa la bomba la kurudi. Zipo turbo za beringi za gololi, na zipo zinazopozwa kwa maji pia. Nazo zinataka oili safi isiyokatika.

Ndugu yangu wa Iringa, mlima wenyewe hauna kosa. Ukimaliza Kitonga na kuingia Ilula, usizime. Iache injini iungurume bila kukanyaga mafuta, ushuke, ulizunguke gari ukipapasa tairi moja moja na kukaza kamba za turubai. Itakuchukua dakika mbili. Ukirudi mlangoni ulikoanzia, zima, nenda ukale.