Je, Wajua? Mwalimu Vyuma Vinapokaza

Je, wajua kwamba Kilangali, mwezi wa Februari, tajiri ni mwalimu? Kata hii ya Wilaya ya Kilosa, jimbo la Mikumi, inaishi kwa mpunga. Hata Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, wana shamba lao la mbegu hapa. Lakini mpunga ukiwa bado bondeni na gunia la mwisho limeshauzwa kulipia vibarua wa palizi, fedha taslimu hubaki kwa wachache: nesi, wafanyakazi wa shamba la mbegu, na walimu. Mshahara uleule unaochekwa wakati wa mavuno hugeuka wa kuonewa kijicho. Hakuna aliyeuongeza hata shilingi. Ni mifuko ya wengine iliyotoboka.

Je, wajua kwamba sheria ya kazi haijui neno "nusu siku"? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka kikomo cha saa 45 kwa wiki, 9 kwa siku. Kijiji kina saa yake: kengele. Ya asubuhi imelia, ya kutoka imelia, mwalimu kashika baiskeli. "Saa nane tu huyoo anarudi kwake, na likizo juu!" Sasa tupige hesabu. Darasa la watoto 80, zoezi moja la hisabati, dakika mbili kwa kila daftari. Hizo ni dakika 160, yaani saa mbili na dakika 40, kwa somo moja la siku moja. Rundo la madaftari limefungwa kwa kamba ya katani nyuma ya baiskeli ile ile, na aliyekaa kijiweni haoni ila mgongo wa mwalimu.

Je, wajua kwamba sera inataka mwalimu mmoja wa shule ya msingi awe na wanafunzi 45? Waliopita shule za vijijini wanajua dawati la wawili linavyokaliwa na wanne.

Je, wajua kwamba walimu wamewahi kucharazwa viboko kwa kuchelewa? Si hadithi. Februari 2009, dunia nzima ikiugulia mtikisiko wa uchumi, Mkuu wa Wilaya ya Bukoba, Albert Mnali, aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe bakora na askari polisi. Makosa yao: uchelewaji na matokeo mabaya ya darasa la saba. Siku chache baadaye Rais Kikwete alimvua ukuu wa wilaya. Sijasikia bado karani wa halmashauri akilazwa kifudifudi kwa kuingia ofisini saa nne.

Je, wajua kwamba wanaolalamika nao wana hoja? Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2014 ulikuta walimu wengi wa msingi nchini wapo shuleni, lakini karibu nusu ya muda hawamo darasani. Wapo ofisini, wapo chini ya mwembe, wapo kwenye simu. Mzazi aliyeuza kuku anunue sare hana sababu ya kulinyamazia hilo, na chama cha walimu hakitamjibu kwa kumsomea kima cha chini.

Je, wajua kwamba mgomo mkubwa wa 2012 ulidumu siku nne tu? Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kilianza Jumatatu ya Julai 30. Kilidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, pamoja na asilimia 30 kwa wanaofanya kazi kwenye mazingira magumu. Alhamisi, Agosti 2, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikausimamisha. Katikati hapo baadhi ya wanafunzi waliandamana mitaani wakidai wafundishwe. Mwezi huohuo, Agosti 26, ilikuwa sensa, na makarani wengi wa sensa walikuwa nani? Walewale.

Je, wajua kwamba ualimu umewahi kupewa jina la vocha ya simu? Shule za sekondari za kata zilipofumuka katikati ya miaka ya 2000, vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi na kukabidhiwa chaki. Watu wakawaita "vodafasta", kwa jinsi walivyoingizwa haraka kama salio. Kabla yao walikuwepo "walimu wa UPE", waliohitimu darasa la saba na kufundishwa kazi huku wakifundisha, ili Azimio la Musoma la 1974, la elimu ya msingi kwa wote (UPE), litimie mwaka 1977. Serikali iliokoa fedha na muda. Lawama za lugha na hesabu mbovu zikaangukia kwao.

Je, wajua msemo "vyuma vimekaza", yaani fedha zimekuwa ngumu, ulishika kasi miaka ipi? Ni miaka ya Magufuli, ambapo kima cha chini cha watumishi kilikwama kwenye shilingi 300,000 hadi 2022. Rais Samia akakipandisha kwa asilimia 23.3 kikawa 370,000, watu wakashangilia. Hati za mshahara za Julai zilipotoka, wenye madaraja ya juu wakakuta mshahara wao umeongezeka kiduchu, wakanuna. Mei Mosi 2025 ikatangazwa asilimia 35.1, hadi 500,000.

Je, wajua kwamba Mwalimu mwenyewe aliwahi kujikata mshahara? Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipogomea masharti na malipo ya Jeshi la Kujenga Taifa, Nyerere aliwarudisha makwao na kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20.

Je, wajua kwamba Corona iliwagawa walimu mafungu mawili? Tanzania ilifunga shule Machi 17, 2020, na za msingi zikafunguliwa Juni 29. Wa serikali mshahara uliingia. Wa shule binafsi walitegemea ada, na ada haikuwepo. Kenya, ambako shule zilifungwa kwa muda mrefu zaidi, shule ya Mwea Brethren iliyoko kwenye mashamba ya mpunga kama haya ya kwetu iligeuza madarasa mabanda ya kuku. Ubaoni, hesabu za wanafunzi zilipisha ratiba ya chanjo za kuku.

Na je, wajua nani hujua mshahara wa mwalimu umechelewa, kabla hata ya mkewe? Mwenye duka. Daftari lake la mikopo lina ukurasa wa mwalimu: sukari nusu, sabuni mche, unga kilo tano. Chini yake, kwa kalamu nyekundu: "mwisho wa mwezi".